Machipukizi Yasiyo na Maua

Juu ya kituo cha Mandara, Kilimanjaro, karibu mita 3,000 hivi, moto ulikuwa umepita. Chini ya kila kisiki cheusi yalikuwa yametoka machipukizi yenye vijani vyembamba kama sindano. Nilikata, nikabana kwenye magazeti, nikaandika lebo kumi na mbili: Erica arborea. Mvua ilikuwa inakuja.

Yakiwa na maua, hii si kazi ngumu. Arborea ina vikengele vyeupe vinavyonukia, na sepali zake zinalingana. Ndugu yake, Erica excelsa, ana viua vidogo mno, visivyojipamba kwa ajili ya nyuki kwa kuwa chavua yake hubebwa na upepo. Sepali moja ni ndefu kuliko nyingine. Zamani wataalamu waliiweka kwenye jenasi tofauti kabisa, Philippia. Lakini chipukizi la baada ya moto halina ua. Inabidi utafute tawi lililonusurika kwenye shina hilohilo, ukague viua vikavu vya zamani. Mimi sikutafuta.

Wiki tatu baadaye, maabara, kifurushi kimoja kilidondosha kitawi chenye viua vitatu vikavu. Nilivichemsha kidogo vilainike, nikaviweka chini ya hadubini. Sepali moja ilikuwa ndefu.

Excelsa hukua ikawa mti, na miti yake ikawa msitu, na hata ikiungua huchipua tena. Kwa hiyo lebo zangu zilikuwa zinasema hapa msitu umekwisha, vimebaki vichaka, pengine mahali ambapo msitu unarudi. Nilikuwa nimeshachora ramani. Nzuri kweli, yenye rangi.

Jioni nilimpigia mama. Mgomba wake unanyweshwa na mfongo unaoshuka kutoka huko juu, na ni yeye aliyenifundisha, kabla ya chuo chochote, kwamba miti ile hukamata ukungu na kuudondosha kama mvua.

"Kwa hiyo, mwanangu, msitu upo au haupo?"

"Kifurushi kimoja ninakijua, mama. Kumi na kimoja sijui."

"Si urudi ukaangalie?"

Nauli ya kurudi sina, na msimamizi wangu bado hajajibu ujumbe. Usiku huo nilichukua ufutio, nikafuta arborea kwenye lebo kumi na moja. Nikaacha Erica peke yake.