Maji ya Lubumbashi Huchemka kwa Nyuzi 96

Nafundisha sayansi darasa la saba na la nane hapa Katuba, Lubumbashi. Kabla sijaingia darasani ni lazima niwe nimejaza fishi ya maandalizi, na inspekta akija, jicho lake huangukia kwanza mstari wa lengo: mwisho wa somo, mwanafunzi ataweza kufanya nini? Nikiandika kwamba ataweza kutaja, mtoto atakariri na somo litakwisha salama. Nikiandika kwamba ataweza kupima, nimejitwisha mzigo: nitafute cha kupimia, nipange watoto zaidi ya hamsini wakizunguke, kisha nikubali jibu litakalotoka, hata kama silo lililomo kitabuni.

Huo mzigo wa mwisho ndio mzito, na ndio ulionifanya niandike.

Madarasa haya mawili wazazi wengi bado huyaita CO (cycle d'orientation), kwa desturi ya zamani yalipokuwa mwanzo wa sekondari. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 iliyaingiza katika elimu ya msingi ya miaka minane, na kuanzia mwaka wa masomo 2018-2019 tukaletewa programu mpya ya sayansi. Hesabu, sayansi za maisha na dunia, fizikia pamoja na teknolojia na kompyuta, vyote viliwekwa chini ya paa moja. Kila somo lina matrisi yake: maarifa ya msingi, uwezo unaotafutwa, mfano wa hali, shughuli, na tathmini. Kwangu, zawadi ya programu hii ni ule mfano wa hali. Somo halianzi tena na ufafanuzi ubaoni. Linaanza na mtu mwenye tatizo la maisha, na mwanafunzi anatakiwa alitatue.

Lakini programu ni ya nchi nzima. Ni ileile kwa mtoto wa Muanda anayeogelea baharini na kwa mtoto wa Katuba anayeishi takriban mita 1,200 juu ya bahari hiyo. Kuishusha hadi mtaani ni kazi ya mwalimu.

Chukua kuchemka kwa maji. Kitabu kinasema nyuzi 100. Tunawasha mbabula, jiko la mkaa, uani, tunaweka sufuria, na kipimajoto cha maabara, kile cha alkoholi nyekundu, kinashikwa ndani ya maji bila kugusa chini. Vikundi vinasoma kwa zamu na kuandika kila dakika. Joto linapanda, linapanda, maji yanatokota kwa nguvu, na mstari mwekundu unasimama karibu na 96. Tunaongeza makala, yaani mkaa. Haupandi. Hapo lazima mmoja apaze sauti: “Mwalimu, hii kipimo ilikufa!”

Mwalimu aliyeandika “kutaja” atasema ndiyo, kipimo ni kibovu, andikeni 100. Aliyeandika “kupima” atauliza: tutajuaje kama kimekufa? Watoto wenyewe hutafuta njia. Barafu za mifuko zinauzwa mtaani. Tunaziponda, tunaziacha zianze kuyeyuka, tunatumbukiza kipimajoto, nacho kinasoma sifuri. Basi huku chini hakidanganyi. Tukipata cha pili cha kuazima, tunaviweka sufuria moja, navyo vinakubaliana kule juu pia. Wengine hudai kwamba maji ya kisima ni machafu. Tunajaribu ya mvua, yanagoma palepale. Tunatia chumvi nyingi, na badala ya kushuka, joto la kuchemka linapanda kidogo. Uchafu haukuwa mkosaji.

Dhana moja baada ya nyingine ikianguka, ndipo naleta hewa. Uzito wa hewa iliyo juu yetu ndio unaoyazuia maji yasigeuke mvuke upesi. Huku juu hewa ni pungufu, kwa hiyo maji hayasubiri hadi 100. Kwa makadirio, kila mita 300 za kupanda hupunguza nyuzi moja. Watoto wanagawanya 1,200 kwa 300, wanapata 4, wanatoa kwenye 100, kisha wanatazama daftari la vipimo. Kelele zinazolipuka hapo sijawahi kutaka kuzituliza. Halafu wanaendelea peke yao: Kinshasa, iliyo chini karibu na mita 300, itakuwa 99, Bukavu, iliyo juu karibu na mita 1,500, itakuwa 95. Na maharage ambayo mama anayapikia makala mengi hivyo, yanachelewa kuiva kwa sababu maji yanayotokota hapa si ya moto kama yanayotokota pwani.

Somo hilo hula vipindi viwili zaidi ya nilivyopewa. Prefe, mkuu wa shule, hunikumbusha kwamba ratiba inakimbia. Najua. Lakini nikiulizwa ni lengo gani la sayansi ambalo mtoto wa miaka kumi na mitatu hapaswi kuondoka bila kulifikia, nitajibu hili: kipimo chake kikipingana na kitabu, asikimbilie kufuta kipimo wala kutupa kitabu. Atafute kinachovitenganisha.

Katika mji huu lengo hilo si anasa. Wengi wa wanafunzi wangu wana baba, kaka au mjomba anayechimba madini. Jiwe likifika kwa mnunuzi, hupigwa mashine ambayo wachimbaji huiita Metorex, nayo hutoa asilimia ya shaba au kobalti, na bei hufuata hapo. Nyumbani watoto husikia malalamiko kwamba mashine inasoma chini. Mimi simhukumu mtu. Nafundisha sampuli. Tunachanganya mahindi na maharage kwenye mfuko, kila kikundi kinachota gao la mkono na kuhesabu maharage ni asilimia ngapi. Majibu yanatofautiana sana, ilhali hakuna aliyeiba. Kisha tunamwaga yote, tunakoroga vizuri, tunagawa robo kwa robo, tunachota tena. Sasa majibu yanakaribiana. Mtoto anaelewa kwamba namba moja iliyosomwa upande mmoja wa jiwe haijasema habari za gunia zima. Anaelewa pia maswali ya kumwuliza mwenye mashine: umepima mara ngapi, wapi, na mara ya mwisho mashine ilijaribiwa kwa kitu gani kinachojulikana?

Lengo lingine ambalo huku linajieleza ni kwamba maada haipotei. Vipande vya malakiti, lile jiwe la kijani linalochongwa kuwa mapambo, tunavipasha moto nje, bila kuvisaga, maana vumbi lake si la kuvuta. Kijani kinageuka cheusi. Gramu 10 za malakiti safi huacha takriban gramu 7.2. Zile nyingine ziko wapi? Zimeondoka kama mvuke wa maji na gesi ya kaboni. Kutoka hapo hatuna haja ya kwenda mbali: bomba refu la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines linaonekana mjini kote, na kwa miaka mingi upepo wa kusini-mashariki ulibeba moshi wa kiwanda hadi upande wa Penga Penga, ambako ardhi ilibaki uchi. Moshi ulioonekana kuisha ulikuwa ukishuka pale, na metali zake zimo udongoni hadi leo. Mimea michache kama Haumaniastrum katangense huvumilia udongo wa namna hiyo. Mwanafunzi aliyeona gramu zikipungua kwenye mizani hahitaji ufafanuzi mrefu wa uchafuzi.

Mabishano yote haya nayaacha yaendeshwe kwa Kiswahili chetu, pamoja na mayi na makala yake. Hitimisho tunaliandika kwa Kifaransa, kwa kuwa mtihani ni wa Kifaransa. Aliyekwisha kujitetea hupata maneno ya Kifaransa kwa haraka. Aliyekariri Kifaransa bila kujitetea, nikibadilisha swali kidogo tu, anapotea.

Mwisho wa darasa la nane upo TENASOSP, mtihani wa taifa unaoelekeza mtoto kwenda sayansi, ualimu, biashara au ufundi. Wazazi hunijia: “Mwalimu, hizo sufuria zitamsaidia kwa mtihani?” Nawajibu kwa ukweli. Likija swali la maji kuchemka, mtoto wao atachagua 100, na atajua kwamba ni 100 kwenye usawa wa bahari. Lakini wasiwasi wao una msingi. Mtihani ukiuliza jibu la kukariri, walimu watafundisha kukariri, hata programu iseme nini. Wanaotunga maswali wangeweza kuweka jedwali dogo la vipimo na kuuliza: hitimisho gani linakubalika hapa, na lipi halikubaliki? Swali kama hilo halidai maabara. Linadai karatasi tu, na lingebadilisha fishi za nchi nzima zaidi kuliko semina yoyote.

Wakati tunasubiri, mwalimu mwenzangu wa Likasi au Kolwezi, andika kwenye mstari wa lengo kitu ambacho mtoto atafanya kwa mikono na kukitetea kwa kinywa. Na inspekta akitaka kujua kama lengo limefikiwa, usimfungulie daftari lililonakiliwa vizuri. Mwite mtoto yeyote kutoka benchi la nyuma, inspekta amwulize amejuaje.