Amri ya Dola na Imani ya Wachache

Mto Kagera hupata nguvu zake wilayani Ngara. Hapo maji ya Ruvubu hukutana na maji ya Nyabarongo yakaporomoka Rusumo, kisha mto hushika njia ya kaskazini, na baadaye hugeukia mashariki mpaka Ziwa Viktoria. Mwaka 1979 jina lake lilipewa mkoa wote uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, ambao Ngara na Biharamulo ni wilaya zake. Jina hilo ni kumbukumbu ya vita. Habari za vita hivyo husimuliwa kwa kutaja mipaka, madaraja na mizinga, na ni haki. Walakini si habari yote. Ng'ambo ya mpaka walikuwako watu wachache ambao kwao kuanguka kwa Idi Amin kulikuwa ni kurudishiwa sala zao.

Watu hao ni Abayudaya, yaani Wayahudi wa Mbale, mashariki ya Uganda. Kiongozi wao wa kwanza, Semei Kakungulu, alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitwaa nchi ya mashariki. Alipokosana nao alizama katika kuisoma Biblia, na mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe, akashika Sabato na sheria za Musa. Hakuvutwa na mhubiri wa Kiyahudi. Alivutwa na kitabu. Alifariki mwaka 1928, lakini jamaa aliyoianzisha ilidumu.

Amin alitwaa madaraka Januari 1971. Mwaka uliofuata alivunja uhusiano na Israeli, na ibada ya Kiyahudi ikapigwa marufuku. Masinagogi yalifungwa, na waliotaka kusali walisali kwa siri. Wengi waliingia Ukristo au Uislamu. Jamaa iliyokadiriwa kuwa na watu 3,000 ilibaki na watu wapatao 300.

Jambo hili lilikuwa na mfano wake mbali sana na Mbale. Katika Urusi ya Kisovieti, watawala waliamini kuwa dini ni masalio ya zamani yatakayokwisha, nao hawakuwa na subira ya kungoja yaishe yenyewe. Shule za dini zilifungwa, na mafundisho ya Kiebrania yalizuiwa. Mwaka 1927 Rabi Yosef Yitzchak Schneersohn alikamatwa Leningrad kwa sababu ya kueneza mafundisho hayo, kisha akaondoka nchini. Hata hivyo, mwaka 1948, Golda Meir alipofika katika sinagogi la Moscow kwa Mwaka Mpya wa Kiyahudi, maelfu ya watu walijaa barabarani kumlaki. Miaka thelathini ya makatazo haikuwa imewasahaulisha wao ni nani.

Moscow ilipiga marufuku kwa hoja ya falsafa. Kampala ilipiga marufuku kwa hasira ya mtu mmoja. Sababu zilikuwa mbali, lakini shabaha ilikuwa moja: kumtenga mtoto na mwalimu wake. Mzee huweza kusali moyoni bila kuonekana, na dola haina jicho la kumfikia huko. Mtoto hana sala moyoni mpaka afundishwe. Kwa hiyo upinzani mkubwa katika nchi zote mbili haukuwa wa silaha wala wa makelele. Ulikuwa ni mzazi kumnong'oneza mwanawe maneno aliyoyapokea kwa babaye.

Je, walioiacha imani yao walikuwa waoga? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyebadili dini ili watoto wake wapate kuishi hastahili kuhukumiwa na msomaji aliyeketi salama. Lakini waliobaki wanastahili kukumbukwa, maana bila wao pasingekuwa na kitu cha kurudiwa.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Jioni ya siku hiyo hiyo, kwa kalenda ya Kiyahudi, Pasaka iliingia, sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani Misri. Wanajeshi wa Tanzania waliovuka Kagera hawakwenda kwa ajili ya sinagogi. Walikwenda kwa sababu nchi yao ilivamiwa Oktoba 1978. Walakini tendo la haki lina tabia hii, kwamba huwafikia hata wale ambao mtendaji hakuwafikiria.

Uhuru ulifungua mlango tu. Kuingia ilikuwa kazi ya wenyewe. Katika miaka ya 1980 vijana wa kilima cha Nabugoye walianza kuijenga upya jamaa yao. Mmoja wa wana wa jamaa hiyo, Gershom Sizomu, alifuzu urabi nchini Marekani mwaka 2008 akarudi Mbale kufundisha, na mwaka 2016 alichaguliwa kuwa mbunge wa Uganda. Dola iliyokataza sala za wazee wake ilikuwa imekwisha kitambo, naye aliketi katika baraza la kutunga sheria.