Kutoka Luano mpaka Kalemie: binti wa kiti cha kuume



Kutoka Lubumbashi mpaka Kalemie, ukipima kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 600. Kwa barabara, watu hawahesabu kilomita, wanahesabu siku. Majira ya mvua yakifika, lori linaweza kukwama matopeni hadi chakula cha safari kiishe na watoto wa dereva msaidizi waanze kuuliza nyumbani baba yuko wapi. Ndiyo maana wamama wengi wa biashara wanajibana, wanachanga, kisha wanapanda ndege ndogo. Mwezi uliopita wanne wetu tulisafiri hivyo, kwa mwaliko wa kikundi cha wamama wa Kalemie. Tulikwenda kuona kazi yao ya kukausha samaki. Tulirudi na somo la samaki, na somo lingine ambalo hatukulitafuta.

Uwanja wa Luano uko juu, karibu mita 1,300 kutoka usawa wa bahari. Wenzetu wa Bukavu wanajua kwamba maharagwe huko milimani yanakawia kuiva, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi. Ndege nayo inaona taabu hiyo hiyo: hewa ikiwa nyepesi, na tena jua likiwa kali, mabawa hayapati nguvu nyingi ya kuinua, na injini inapungukiwa. Kwa hiyo uzito ambao ndege inaweza kuubeba asubuhi ya baridi si ule inaoweza kuubeba saa nane mchana. Mizani pale uwanjani haikuwekwa ili kututoza tu franga.

Ndege yetu ilikuwa Let 410, iliyotengenezwa Ucheki: viti 19, propela mbili, na ikijaa kila kitu haipaswi kupita tani 6 na nusu hivi. Katika ndege ya namna hiyo abiria wa mbele anawaona marubani mgongoni. Kushoto anaketi komanda, kuume anaketi rubani msaidizi. Siku ile kuume aliketi msichana mwembamba, nywele amezisuka nyuma, mkononi ana karatasi ya orodha. Baba mmoja nyuma yangu aliuliza kwa sauti: "Huyu mtoto ndiye anatupeleka?" Watu wakacheka. Yule binti hakugeuka. Alikuwa anasoma orodha yake neno kwa neno, na komanda, mzee mwenye mvi, alikuwa anamjibu neno kwa neno, kama mtoto na mwalimu wa katekisimu. Ila hapa mwenye kuuliza alikuwa mtoto.

Tuliruka karibu saa mbili. Kwanza uliona mji na mashimo ya migodi, kisha miombo, miombo isiyo na mwisho, na hapa na pale moshi wa mashamba. Baadaye nchi inapanda na kukunjamana. Upande wa kuume iko nyanda ya juu ya Marungu. Halafu ghafla miti inaisha na unaona maji ya buluu mpaka macho yachoke. Hilo ni ziwa Tanganyika, lenye kina cha karibu mita 1,470, la pili duniani kwa kina. Kalemie, ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la Albertville, iko pale pale mto Lukuga unapotoka ziwani. Ziwa kubwa lile lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, na mlango huo ni Lukuga, unaokwenda kuungana na Lualaba, ndio mto Congo wenyewe. Ndege ilizunguka juu ya maji, ikashuka, ikagusa chini. Yule baba wa nyuma alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Katika kikundi cha Kalemie kulikuwa na mama mmoja muuza ndakala ambaye wenzake walimwita Mama Rubani. Tulidhani ni utani. Kumbe yule binti ni wake.

Jioni, tukiwa tumekaa kando ya mabanio ya samaki, alitueleza njia ya mwanawe. Ada ilikuwa maelfu ya dola. Wajomba wawili na shangazi mmoja walisaidia, na kiwanja cha familia kiliuzwa. Binti alisomea nje ya nchi. Leseni ya kuendesha ndege kwa mshahara inadai kwa kawaida karibu saa 200 za kuruka, nazo zinalipiwa moja moja. Lazima pia apimwe na daktari macho, masikio na moyo, na vipimo hivyo vinarudiwa mara kwa mara kazini. Aliporudi alifikiri kazi inamngoja. Alingoja miezi kumi na minne. Makampuni yalimwambia: lete uzoefu. Uzoefu ataupata wapi kama hapewi kazi? Wamama wenye watoto waliomaliza shule mnaujua wimbo huo.

Mwishowe kampuni moja ndogo ilimchukua. Akafundishwa aina hiyo moja ya ndege, kwa sababu leseni peke yake haitoshi: kila aina ya ndege ina mafunzo yake. Kisha akaruka safari nyingi chini ya komanda mwalimu, abiria wakiwemo. Sasa anahesabu saa. Ili apate leseni ya juu inayomwezesha kuwa komanda wa ndege kubwa ya abiria, anahitaji saa 1,500. Akiruka saa 50 kila mwezi, kutoka zile 200 za shule, ni zaidi ya miaka miwili. Mama yake anazo katika daftari la mauzo ya ndakala, ukurasa wa nyuma.

Tulimuuliza: je, huogopi? Akasema: "Ninaogopa kila siku. Lakini kinachoniogopesha si kile mnachofikiri. Nilimlea asijibu wakubwa. Mkubwa akisema, mtoto ananyamaza, anapiga goti. Watu walinisifu kwa malezi hayo. Sasa kazi yake inamtaka ajibu."

Maneno hayo yalituingia. Wanaofundisha marubani wanayajua vizuri, nao waliyajua kwa gharama kubwa. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye kisiwa cha Tenerife, mali ya Uhispania, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 ziligongana uwanjani katika ukungu. Watu 583 walikufa. Hakuna ajali ya ndege kugongana iliyoua wengi kama hiyo. Komanda wa ndege moja alikuwa mwalimu mkuu, mtu wa kuheshimiwa sana katika kampuni yake. Alianza kuruka bila ruhusa ya mnara. Fundi aliyekaa nyuma yake aliuliza kama ile ndege nyingine imeshatoka njiani. Komanda alijibu kwa mkazo kwamba imetoka, akaendelea. Yule mdogo hakuuliza tena.

Baada ya msiba huo na mingine, mafunzo yalibadilika. Leo rubani mpya anafundishwa kusema anachokiona, kukisema wazi, na kukirudia asiposikilizwa. Na komanda anafundishwa kusikiliza. Safari moja mmoja anashika usukani, safari nyingine mwenzake. Yule asiyeshika hakai bure: anaongea na mnara, anaangalia vipimo, anamwangalia mwenzake. Ndiye mlinzi. Mlinzi anayeona aibu kupiga kelele analinda nini?

Siku ya kurudi tuliona jambo hilo kwa macho. Ilikuwa mchana, joto la ziwani. Wamama wa biashara walikuwa na vikapu vya samaki wabichi juu ya barafu, wengi kuliko siku ya kwenda. Mizani ikasema ilichosema. Binti alipiga hesabu, akampelekea komanda, kisha akaja mwenyewe kwetu, akainama kidogo kama inavyopasa, akasema: "Wamama zangu, mniwie radhi. Vikapu vinne vinabaki. Vitakuja na safari ijayo."

Kelele ikaanza. Mmoja akasema: "Juzi juzi ulikuwa unanyonya, leo unatuozesha samaki?" Bwana mmoja mkubwa wa ofisi alimwita kando, akamwambia kwamba ndege hii imebeba zaidi ya hapo mara nyingi na haikuanguka. Pengine alisema kweli. Lakini mwenye kuvuka mto wa mamba mara kumi hajawa rafiki wa mamba. Binti akamsikiliza mpaka mwisho, akasema: "Nimekusikia, baba. Vinne vinabaki." Wakamgeukia komanda. Mzee akafuta jasho, akasema: "Mmeshasikia."

Kikapu cha kwanza kushushwa kilikuwa cha mama yake, alichokuwa anatuma kwa wateja wake wa Lubumbashi. Mama Rubani alikuwa amesimama kwenye uzio. Hakusema kitu. Alikifuata kikapu chake, akakiweka kichwani, akawaita wenye vile vitatu vingine, wakaenda pamoja kwenye mabanio. Usiku ule wakabanika samaki wote, na baada ya siku mbili walifika Lubumbashi wakiwa wakavu. Bei ilipungua, hasara ilikuwepo, tusifiche. Ada ya mtoto wa mama mmoja ilichelewa kwa ajili hiyo. Lakini wenye samaki walikuwepo kuhesabu hasara.

Wamama, tunasafiri, na watoto wetu wanasafiri. Kuna mambo yaliyo mikononi mwetu. Tupime mizigo nyumbani kabla ya kwenda uwanjani, na tuseme uzito wa kweli. Mfuko unaofichwa chini ya kitenge nao una kilo zake. Samaki wabichi na nyama vipewe ndege ya asubuhi, wakati hewa bado ni ya baridi, au tubanike kabla. Ndege ikicheleweshwa kwa ajili ya mvua ya radi, tukae tungoje. Milima ya mashariki mwa nchi yetu ni kati ya sehemu za dunia zinazopigwa na radi nyingi kabisa, na ndani ya wingu lile jeusi upepo unapanda na kushuka kwa nguvu ya kuvunja ndege. Na rubani kijana akisema hapana, tusimtukane wala tusimtafutie mkubwa wa kumshinda. Siku tutakapomzoesha kusema ndiyo kwa sababu ya kelele zetu, atasema ndiyo pia mbele ya wingu.

Kwa wenye mabinti wanaotazama juu kila ndege ikipita: njia ni ndefu na ghali, lakini ipo. Soroti nchini Uganda kuna shule ya marubani. Addis Ababa kuna nyingine kubwa inayopokea vijana wa nchi nyingi za Afrika. Mwaka 2014 Irene Koki Mutungi wa Kenya alikuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa komanda wa Boeing 787. Hesabu, fizikia, Kifaransa na Kiingereza vianze mapema, na macho yapimwe kabla ya kiwanja kuuzwa.

Na hata asiyekuwa rubani atakuwa muuguzi mdogo kando ya daktari mkubwa, au karani kando ya mkurugenzi. Heshima tuendelee kuwafundisha. Tuwaonyeshe pia namna ya kumwambia mkubwa, kwa goti lililopigwa na sauti isiyotetemeka: baba, hapo si sawa. Katika mkutano wa wiki hii, kila mmoja aje na jibu: nyumbani kwako, mtoto akiona chungu kinaungua na wewe unaongea na wageni, anaruhusiwa kukukatiza?