Chaki kwenye blanketi la mtoto: Kabla hujakimbilia Jik

Fundi anayeshona gauni huchora chaki upande wa ndani. Mstari ukipinda, anachora mwingine na hakuna atakayejua. Blanketi la viraka halina maficho hayo. Vipande vikishaunganishwa, kikawekwa kitambaa kizito katikati na shuka kuukuu chini, mistari ya kuongoza cherehani lazima ichorwe juu kabisa, upande ule ule utakaoonekana kitandani. Mshono unaisha, mistari inabaki.

Katoro, mkoani Geita, yupo mama wa watoto watatu anayeshona mablanketi ya namna hiyo barazani kwake. Wateja wake wengi ni wajawazito. Humletea mabaki ya vitenge, mashuka yaliyochakaa na nguo ambazo wanaona ni hasara kuzitupa. Anachora kwa chaki iliyo karibu, na mara nyingi ni chaki ya shuleni, maana watoto wanarudi nayo mifukoni. Nyeupe haijawahi kumsumbua sana. Nyekundu ndiyo iliyomtia hasara.

Blanketi lile lilikuwa na viraka vyeupe. Alipoona mistari ya waridi haijatoka, alifanya wanachofanya wengi: akamwagia maji ya moto, akasugua kwa sabuni ya unga, akaanika, kisha akapiga pasi ili limfikie mteja limenyooka. Mistari ikatulia pale kama imechapwa kiwandani.

Chaki ni unga. Ikiwa kavu, imekaa juu ya nyuzi na nyingine imejibanza katikati yake. Ukiilowesha kabla ya kuikung'uta, unga unageuka tope na kuzama ndani zaidi, hasa kwenye kitambaa cha pamba kinachonywa maji haraka. Kama ina rangi, joto la maji na pasi linaweza kuisaidia rangi hiyo kushika. Kwa hiyo kazi ya kwanza hufanywa pakavu. Toka nje, likung'ute blanketi, halafu piga mswaki wa zamani ulio mkavu kufuata mstari. Usisugue kwa kuzungusha. Sehemu kubwa ya doa huondoka hapo, kabla hata ya kugusa beseni.

Kinachobaki kifuate kwa maji baridi na sabuni ya mche. Paka sabuni juu ya mstari, acha kwa muda, kisha gonga taratibu kwa kitambaa safi na suuza. Rudia mara mbili au tatu. Pasi isubiri mpaka blanketi likauke na uhakikishe kwa macho, mchana, kwamba hakuna kilichobaki.

Chaki maalumu za ushonaji nazo hazifanani. Zipo za udongo, ambazo hutoka kama za shuleni, na zipo zenye nta. Ya nta utaijua ukichora kwenye kipande cha majaribio na kukigusa kwa pasi: mstari unayeyuka na mara nyingine unaacha alama ya mafuta. Hiyo ikwangue kwanza kwa mgongo wa kisu. Kama ni nyeupe na kitambaa ni pamba, weka karatasi laini za chooni juu na chini ya doa, kisha pitisha pasi ya moto wa wastani ili karatasi zinywe nta. Kama ina rangi, achana na pasi. Tumia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na uvumilivu.

Nafuu kubwa zaidi ni kutoitumia kabisa. Mafundi wengi wa zamani huchora kwenye kitambaa cheusi kwa kipande cha sabuni kilichoisha mpaka kikawa chembamba kama ukucha. Mstari wake unaonekana vizuri na unaondoka kwenye maji ya kwanza.

Kwa wanaotumia maji ya visima vya chumvi, ambayo sabuni haitoi povu, ni vema kuchunguza kwanza kama weupe unaouona ni chaki kweli. Maji hayo huacha utando wa sabuni unaofanana nayo. Kahama na Shinyanga mjini, ambako maji ya Ziwa Victoria yanafika kwa bomba kutoka Ihelele, tatizo hilo ni dogo kuliko kwenye vijiji vinavyotegemea visima.

Baada ya hapo watu hukimbilia ndimu au siki. Si wazo baya. Chaki iliyotengenezwa kwa chokaa hulainika kwa asidi, ingawa ile ya jasi haitikisiki. Kijiko cha siki nyeupe kwenye kikombe cha maji kinatosha, na kijaribiwe kwanza pembeni, kwani baadhi ya vitenge huchuja.

Hatari huanza ndimu inaposhindwa na Jik ikafuata kwenye beseni lile lile. Jik ikikutana na ndimu au siki hutoa gesi ya klorini. Inachoma macho na koo, inakohoza, na kwa mtoto mwenye pumu inaweza kumbana kifua vibaya. Vyumba vyetu vya kupanga, ambako mtu hufulia ndani akiwa amefunga mlango kwa sababu ya vumbi la barabara, ndivyo mahali pabaya zaidi pa kujaribu. Ukisikia harufu kali, acha kila kitu, toa watoto nje na fungua milango. Anayepumua kwa shida apelekwe kituo cha afya. Na hata Jik peke yake, kwenye kitenge, itaondoa maua kabla ya kuondoa chaki.

Lipo jambo jingine ambalo fundi yule wa Katoro sasa huuliza kabla ya kupokea kazi: viraka vimetoka wapi. Ukanda huu ni wa wachimbaji. Suruali aliyovaa mtu kwenye karasha au wakati wa kukamatisha dhahabu inaweza kuwa na zebaki kwenye mishono na mifuko, na macho hayaioni. Zebaki hugeuka mvuke hata bila moto, na joto la pasi huongeza kasi. Shirika la Afya Duniani linaiweka miongoni mwa kemikali 10 zinazotia wasiwasi mkubwa kwa afya ya umma, na ubongo wa mtoto unaokua, hata aliye tumboni, ndio unaoumia zaidi. Nguo za aina hiyo hazifuliwi pamoja na nepi, hazitumii beseni la mtoto, na hazifai kuwa kiraka cha blanketi lake, hata zikiwa zimefuliwa zikang'aa.

Kuuliza swali hilo si rahisi kila mara. Mjane mmoja kijana, mwenye mimba ya miezi saba, alimletea mfuko wa nguo za marehemu mumewe. Alitaka mtoto alalie nguo za baba yake. Ndani kulikuwa na mashati mawili ya kanisani, fulana ya mpira na suruali mbili za kazini. Fundi alizitandaza zote mkekani, akamwomba amwonyeshe zipi zilikwenda mgodini na zipi hazikwenda. Walichagua pamoja, na ilichukua muda mrefu kuliko kukata.

Mashati na fulana vilitosha, vikiongezewa kitenge. Mistari ilichorwa kwa kipande cha sabuni. Suruali zilirudi kwenye mfuko, mfuko ukafungwa, na mjane akaondoka nao kwapani.