Kitabu cha Fundi Cherehani

Baridi ya Julai haina simile Mjimwema. Alfajiri umande huganda juu ya majani, na watu wa mji wa Njombe huota moto kwanza kabla ya kwenda popote. Katika baridi kama hiyo mzee mmoja, karani mstaafu wa kiwanda cha chai, alipeleka koti lake kwa fundi cherehani likatiwe bitana mpya. Fundi huyo ni mzaliwa wa Tanga, aliyeifuata riziki nyanda za juu na asirudi tena pwani. Alilipokea koti, akaligeuza nje ndani, kisha akatoa mtotoni mwa meza yake kitabu kilichokwisha poteza jalada.

"Kaa na hiki, mzee wangu, mpaka koti liwe tayari. Kimeandikwa na karani mwenzio."

Kilikuwa ni Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, cha Shaaban Robert. Mzee alikichukua kwa adabu tu. Alimjua mshairi huyo tangu darasani, na alidhani kuwa wamekwisha kuagana huko huko. Isitoshe, hakuwa na hamu ya kusikia maisha ya mtu. Mkewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na tangu maziko hakupata kumtaja mbele ya yeyote, hata mbele ya binti yao aliyeolewa Makambako. Binti alipopiga simu na kuanza, "Baba, hivi mama alikuwa…", yeye alimkatiza kwa kuuliza bei ya mahindi sokoni.

Neno "karani" ndilo lililomfanya afungue ukurasa wa kwanza usiku ule. Maharage yaliyokuwa jikoni yaliungua mpaka yakashikana na chungu, naye hakusikia harufu. Aliinuka mara moja tu, kutia mkaa.

Shaaban Robert aliingia Idara ya Forodha mwaka 1926, akaitumikia serikali ya kikoloni hapo hadi 1944, kisha akahamishiwa Mpwapwa, katika Idara ya Wanyama, mbali na bahari aliyoizoea. Mzee aliyajua maisha hayo kwa ndani: leja, mihuri, barua ya uhamisho inayomkuta mtu amekwisha panda bustani. Hapo ndipo alipotambua kwa nini fundi, mtu wa Tanga aliyekwama milimani, alikihifadhi kitabu kile pamoja na mkasi wake.

Kwa hakika si kitabu cha siri. Mwenye kutaka habari za utotoni au fitina za ofisini hatashiba, na ziko kurasa ambazo mawaidha yamekilemea kisa hata msomaji akapiga miayo. Mzee hakupiga. Alikuwa amefika kwa Amina.

Amina, mke wa kwanza wa Shaaban Robert, alifariki mwaka 1942. Maelfu ya wanafunzi wamelijua shairi alilomlilia, na aghalabu wamelijua kama swali la mtihani. Katika kitabu hiki mambo ni mengine, maana Amina ni mke wa nyumbani kabla ya kuwa marehemu, na mumewe anamsifu waziwazi, sura na tabia, bila kuona haya. Mzee alikisoma kipande hicho, akakifunga kitabu, akakifungua tena. Kwao mwanamume husifu shamba lake, husifu ng'ombe wake. Mke husifiwa na mchungaji siku ya maziko, tena kwa maneno ambayo yangemfaa mke wa yeyote.

Ndani ya kitabu hichohicho zimo tenzi mbili za baba kwa wanawe: Hati kwa bintiye, Adili kwa mwanawe wa kiume. Njia hiyo ilikuwa imekwisha kufunguliwa visiwani. Mnamo 1858 Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utenzi wa wasia. Tofauti ni kwamba kule mama ndiye aliyesema. Mzee wa Mjimwema, ambaye nyumba yake haikuwa na mama tena, hakuweza kuisoma Hati kama mafunzo ya adabu. Aliisoma kama kazi aliyoiacha bila kuifanya.

Fundi alituma salamu kuwa koti li tayari. Zilipita siku nane mzee asilifuate, akijikunja ndani ya blanketi na kuanza kitabu upya, kwani aliogopa kwamba atakapolichukua koti itampasa kurudisha kitabu.

Jumapili jioni simu ililia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako alikuwa akiimba akipalilia viazi. Akiona mtu njiani hunyamaza. Mimi nilikuwa nikipita nyuma ya miwati ili asinione."

Binti hakujibu kwa kitambo. Mzee alidhani mtandao umekatika, akalitazama lile kioo, akairudisha simu sikioni.

"Ngoja, baba," sauti ilisema. "Ngoja niwaite watoto. Usikate. Alikuwa akiimba nini?"