Nilichojifunza kwa fundi wa gumegume kuhusu bunduki ya babu

Mtaani tukimwita mtu gumegume tunamaanisha hafai, yupo yupo tu nyumbani. Wengi wetu hatujui kwamba gumegume ni bunduki: ile ya kizamani inayoshindiliwa baruti kupitia mdomoni na kuwashwa kwa cheche za jiwe. Mimi mwenyewe sikuwahi kuona ikitengenezwa hadi mwaka jana, nilipofika mji mdogo wa Williamsburg, jimbo la Virginia, Marekani.

Nilikuwa Washington kwa mafunzo mafupi ya uandishi wa habari za afya. Mwisho wa wiki nikaenda kumsalimia mama mdogo anayeishi Richmond, ambako ni muuguzi. Ana mtoto wa kiume wa miaka 11. Tangu niingie Ijumaa jioni dogo alinisalimia mara moja tu, macho yakiwa kwenye simu. Mchezo aliokuwa akicheza ni wa kupigana risasi, na kila alipomwangusha mtu alisema "yes!" kwa sauti ya chini.

"Kesho twende Williamsburg," mama mdogo akasema. "Akaone vitu vinavyotengenezwa kwa mikono. Na wewe uone."

Kutoka Richmond ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari.

Mji uliorudishwa nyuma

Williamsburg ilikuwa makao makuu ya koloni la Virginia kuanzia mwaka 1699 hadi 1780. Serikali ilipohamia Richmond, mji ukapoa. Mwaka 1926 mchungaji W.A.R. Goodwin na tajiri John D. Rockefeller Mdogo walianza kazi ya kuukarabati uwe kama ulivyokuwa karne ya 18.

Ukitembea leo utakuta mafundi wamevaa mavazi ya enzi hizo. Hawaigizi kazi, wanaifanya kweli: seremala anapiga randa, mhunzi anafua chuma, fundi viatu anashona. Kuna ghala la matofali lenye pembe nane, lililojengwa mwaka 1715 kwa ajili ya kuhifadhia silaha na baruti.

Mama mdogo hakuacha nivutiwe na nyumba nzuri tu. Alinikumbusha kwamba wakati wa vita vya uhuru wa Marekani, zaidi ya nusu ya wakazi wa mji huu walikuwa watu Weusi, na wengi wao walikuwa watumwa. Sheria ya Virginia ya mwaka 1680 ilimkataza mtumwa kubeba bunduki, panga, hata rungu.

"Lakini nyundo ya bwana wake aliruhusiwa kuishika," akasema. Ni kweli, katika karakana za mji huu walikuwamo watumwa waliofua chuma.

Chuma kinavyogeuka bunduki

Karakana ya fundi bunduki inanuka mkaa na mafuta. Kuna tanuri, fuawe, jiliwa kadhaa na tupa za kila ukubwa zimepangwa ukutani. Katika miaka ya 1960 fundi mkuu wa hapa, Wallace Gusler, alitengeneza bunduki nzima kwa njia za karne ya 18, na kazi hiyo ikaonyeshwa katika filamu iliyotoka mwaka 1969. Mafundi waliomfuata wanaendelea na njia hizo.

Fundi tuliyemkuta alikuwa mtu mzima mwenye aproni ya ngozi. Alitueleza huku akifanya kazi. Mtutu hauanzi kama bomba. Unaanza kama bapa refu la chuma. Linapashwa moto, linakunjwa kuzunguka fimbo, kisha kingo zake zinaunganishwa kwa kupigwa nyundo zikiwa zimeiva. Kila mara wanaunganisha sehemu fupi tu, kwa sababu chuma kikipoa hakishikani. Ukimaliza hapo unautoboa ndani ulainike, unaangalia kwa jicho kama umenyooka, unaugonga, unaangalia tena.

Kisha inakuja mifereji ya ndani. Kuna chombo kirefu cha mbao kinachozunguka taratibu kadiri unavyokivuta na kukisukuma, na kwenye ncha kina jino dogo la chuma linalokwangua. Kila mpito unaondoa kiasi kidogo sana, kwa hiyo fundi anarudia na kurudia. Mifereji hiyo ndiyo inayoizungusha risasi ikitoka, ikaenda moja kwa moja.

Kitako kinachongwa kwa mbao ngumu ya mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Mtambo una vipande vidogo vingi, na kila kimoja kinasuguliwa kwa tupa mpaka kikae kwa mwenzake. Bunduki moja inachukua miezi.

"Sasa si anunue tu?" dogo aliuliza.

Mama yake akatafsiri, nusu kwa aibu. Fundi akacheka. Akasema hata zamani mafundi wengi walinunua mitambo iliyotengenezwa Uingereza, na kazi yao kubwa ilikuwa kukarabati za watu. Lakini anayetengeneza kila kipande, akasema, anajua kila mahali inapoweza kumgeuka.

Dogo alisogea karibu. Simu ilikuwa mfukoni.

Fundi akaendelea. Mtutu mpya, akasema, hauaminiwi hata na aliyeutengeneza. Unatiwa baruti kupita kiasi cha kawaida, unafungwa imara na kufyatuliwa watu wakiwa mbali. Kama una ufa, upasukie hapo, usipasukie usoni mwa mtu. Chama cha mafundi bunduki wa London kimekuwa na mamlaka ya kupima mitutu tangu mwaka 1637.

Kisha dogo akaomba kuishika bunduki iliyokuwa mezani. Fundi hakumpa. Aliichukua yeye, akaielekeza mahali pasipo na mtu, akachomoa fimbo ndefu ya chuma, akaiachia iteleze ndani ya mtutu.

*Ting.*

"Umesikia?" akauliza. "Hiyo ni chuma kugonga chuma. Ina maana ndani hakuna kitu. Ingekuwa na baruti na risasi ungesikia kishindo kizito, na fimbo ingebaki nje zaidi. Nimeitengeneza mimi, asubuhi nimeipima, na bado naipima kila ninapoishika."

Hapo ndipo nilipotoka nje kidogo. Mama mdogo alidhani ni moshi.

Bunduki ya babu

Babu yetu, mzaa baba, alikuwa na gobore. Alikuwa mkulima wa mahindi, na nguruwe pori walikuwa wakimmaliza. Lilikaa juu ya mlango wa chumba chake, na sisi wajukuu wa likizo tulilijua kama tulivyojua kiti chake. Tuliambiwa neno moja tu: "Msiguse." Tukiuliza kwa nini, tuliambiwa halina kitu, ni bovu.

Nilikuwa na miaka saba. Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, alikuwa na miaka 10. Mchana mmoja wakubwa wako shambani, alipanda juu ya kinu akalishusha ili atuonyeshe askari anavyosimama.

Lilikuwa na kitu.

Mtutu ulipasuka kwenye mkono wake wa kushoto. Nakumbuka moshi, na masikio yangu kuvuma hadi siku ya pili. Lakini lililomgharimu zaidi si mlipuko. Wakubwa walikaa naye nyumbani siku mbili, wakimfunga kwa majani na vitambaa, kwa sababu gobore halikuwa na kibali na waliogopa kuulizwa hospitalini. Alipofikishwa, vidonda vilikuwa vimeoza. Alipoteza vidole vitatu. Usiku wa kwanza babu alilitupa gobore kwenye shimo la choo, na hakulitaja tena hadi alipofariki.

Kwa miaka yote hii nimeamini kwamba ile ilikuwa bahati mbaya. Bunduki ya kushindilia inaweza kukaa na baruti yake kimya miezi na miezi, na ukiitazama kwa nje huoni tofauti. Babu alisema halina kitu kwa sababu hakukumbuka kulishindilia. Hakuna aliyehakikisha.

Usiku ule, saa nne kwa Richmond na kwetu alfajiri, nilimpigia kaka. Ana miaka 31 sasa, na ana mtoto wa miaka sita. Nilimsimulia habari ya fundi, fimbo na ile *ting*. Alinyamaza hadi nikadhani mtandao umekata.

"Kumbe ilikuwa inapimika," akasema.

Kabla mtoto hajaenda likizo

Ninaandika haya nikijua likizo zinakuja na wengi wetu tutawapakia watoto kwenye mabasi kwenda kwa babu na bibi. Tunauliza kama kuna chandarua, kama kisima kimefunikwa, kama kuna mbwa mkali. Swali la silaha hatuulizi, tunaona tutamvunjia mzee heshima.

Uliza. "Baba, shikamoo. Watoto wanakuja. Lile gobore bado lipo? Liko wapi?" Si utovu wa adabu. Kama jirani wanakocheza ana silaha, uliza na huko.

Usijaribu kuipima mwenyewe kama fundi wa Williamsburg. Yule ana mtutu uliopimwa na miaka ya ujuzi. Magobore mengi ya vijijini yametengenezwa kwa chuma ambacho hakikukusudiwa kubeba mlipuko, na hakuna aliyewahi kuyapima. Silaha yoyote ihesabiwe kuwa ina risasi hadi mtaalamu aseme vingine.

Kumiliki au kutengeneza silaha bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Jeshi la Polisi hutangaza vipindi vya kusalimisha kwa hiari, na viongozi wa kijiji wanaweza kumsaidia mzee kufanya hivyo. Mwenye kibali naye aifungie kwa ufunguo, na risasi zikae mahali pengine palipofungwa.

Mtoto naye aambiwe zaidi ya "usiguse". Aambiwe kwa nini, kisha afundishwe mambo matatu: asiiguse, aondoke hapo pamoja na wenzake, amwambie mkubwa mara moja. Mwambieni pia kwamba hatachapwa kwa kuja kusema.

Na likitokea la kutokea, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi mfululizo, umwahishe mtoto hospitali saa hiyohiyo. Maswali ya polisi yatajibiwa baadaye. Hata asiyejeruhiwa apimwe masikio, kwani mlio mmoja wa bunduki karibu na sikio unaweza kuharibu usikivu moja kwa moja.

Haya si ya kwetu peke yetu. Marekani, kuanzia mwaka 2020, silaha za moto zimepita ajali za barabarani na kuwa chanzo kikuu cha vifo vya watoto na vijana wa mwaka 1 hadi 19. Mama mdogo, ambaye wodini ameshawapokea, aliniambia kwamba kabla dogo hajalala kwa rafiki, yeye humpigia simu mama wa huko na kuuliza kama kuna bunduki ndani. Mara ya kwanza alitetemeka. Sasa anauliza kama anavyoulizia chakula cha jioni.

Mwezi uliopita kaka alimpeleka mwanawe kijijini kwa mara ya kwanza, kwa ndugu wa upande wa mama yake. Alinitumia ujumbe mfupi kutoka stendi: "Nimeuliza. Wanalo. Nimerudi naye."