Rika Halina Mpaka

Miongoni mwetu tuliotoka wilaya ya Ileje, Tanzania, tukalelea watoto Uingereza, kuna wazo linalorudi kila kijana anapoanza kubalehe: arudishwe kwetu Itumba, akae na babu na bibi, ajue mwanamume ni nani na mwanamke ni nani. Hofu iliyo nyuma ya wazo hilo ni ya kweli, nami siidharau. Ila inadhani kwamba mtoto hufunzwa uanaume au uanamke na nchi anayoishi, na kumbe mwalimu mkali zaidi ni wale walio sawa naye kwa umri. Mwanasosholojia wa Marekani, C. J. Pascoe, alichunguza sekondari moja ya California na kuchapisha kitabu mwaka 2007. Wavulana aliowakuta wakitupiana tusi la ushoga kutwa nzima mara nyingi hawakuwa wakizungumzia nani anampenda nani. Lilimwangukia aliyeshindwa jambo, aliyependa kucheza dansi, aliyeonyesha huruma. Na kila mmoja aliharakisha kumtupia mwenzake lisije likamganda yeye. Mvulana wa Itumba aliyeitwa "demu" kwa sababu amelia anaijua shule hiyo bila kuvuka bahari. Msichana naye ana njia nyembamba zaidi: akibishana ni jike dume, akicheka na wavulana ni malaya. Nchini Uingereza, wakaguzi wa elimu wa Ofsted walipowauliza wanafunzi mwaka 2021, asilimia 92 ya wasichana walisema matusi ya kijinsia hutokea mara nyingi au wakati mwingine kati ya wenzao.

Nitaambiwa kwamba hayo ni ya Wazungu, yameingia kwetu kwa simu. Simu imeyapa kasi, nakubali, lakini haikuyaanzisha. Jirani zetu Wanyakyusa wa Rungwe waliandikwa na mwanaanthropolojia Monica Wilson katika kitabu chake cha mwaka 1951: wavulana wa miaka kumi hivi waliondoka kwa wazazi wakajenga kijiji chao, wakalala humo na kufunzana adabu na mazungumzo. Nguvu ya rika ilikuwepo, tena kubwa kuliko ya leo. Tofauti ni kwamba wazazi waliijua na hawakuipa kisogo. Vijana waliendelea kulima mashamba ya baba zao, na walikula kwa mama zao wakiandamana kundi zima, nyumba hadi nyumba, kwa hiyo kila mama alimjua kila rafiki wa mwanawe. Sisemi turudi huko, maana mabinti wa zama zile walichumbiwa wakiwa wadogo mno. Nasema mtu mzima alikuwa karibu.

Wengine watasema utani hukomaza. Lakini wapo vijana wenye jambo zito la kusema. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulikuta kwamba takriban mvulana mmoja kati ya saba alifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, na kwa wasichana karibu watatu kati ya kumi. Mvulana aliyefunzwa na wenzake kwamba kulia ni udemu, atamwambia nani? Na binti aliyekwisha kubandikwa jina la malaya, nani atamsadiki? Kicheko cha uwanjani ndicho kinachowaziba midomo.

Basi mzazi mwenzangu, kabla hujakata tiketi ya kumpeleka Itumba, jua kwamba huko pia atapokewa na rika, na kijana mwenye lafudhi ya kigeni ndiye atakayepimwa kwanza. Wajue marafiki zake kwa majina, uwalishe mezani kwako, usikie wanavyoitana. Na ukisikia mmoja akidhalilishwa kwa kulia au kwa kucheka, sema neno hapo hapo, mbele yao wote.